Mizinga ya Kuta Mbili

1 Septemba, yenga, yaani Jumapili.

Kaye hii, daftari langu la ualimu, ni ya mwaka jana wa masomo. Kurasa sita za mbele zilikuwa na majina ya watoto, nimezing'oa. Naandika kwa sababu leo, tukitoka misa, mama yangu Salomé amesema neno ambalo sijui niliweke wapi. Huu ni mwaka wake wa mwisho na nyuki. Kama wakihama tena mwezi wa kumi, kama walivyohama mwaka jana na mwaka juzi, atafunga mizigo aende Kabongo kukaa kwa kaka yangu Masengo. Na pori la marehemu baba, lile lenye mizinga, Masengo atalichoma makala.

"Nyuki banachoka na joto," amesema. "Na minyi minachoka."

Baba alipokufa mizinga yenye nyuki ilikuwa ishirini na mitatu. Watu walimcheka mama: mwanamke na asali, wapi na wapi? Hakuwajibu. Aliishusha mizinga kutoka juu ya miti, akaitegesha kwenye magogo yanayomfika kiunoni, akaendelea na kazi. Leo yenye nyuki imebaki saba.

2 Septemba.

Masomo yameanza. Watoto hamsini na wanane, madawati kumi na tisa. Vumbi.

3 Septemba.

Nimemwambia mume wangu Kisimba, baba wa mtoto wetu Gloire, habari ya mama. Alikuwa anapiga randa kitanda cha mtu. Aliendelea kupiga randa hadi ubao ukaisha, ndipo akasema, "Nyumba yao njo iko mubaya. Muambie mama nitakuja kuona."

Kumwambia, ni mimi. Ndoa yetu ina miaka kumi na minne, na mume wangu na mama yangu hawajawahi kusemezana. Hawana ugomvi hata kidogo. Ni heshima ya ukwe: hawatazamani usoni, hawali pamoja, mama hatamki jina lake. Kila neno linapita kwangu, hata wakiwa wamekaa hatua tano. Mimi ndiyo barabara yao, na barabara huchoka pia.

7 Septemba.

Kilomita kumi na nne kutoka mjini kwa kinga, baiskeli yetu, mimi nyuma, Kisimba akikanyaga. Kijijini, mama aliketi mlangoni mwa jiko akitazama shamba. Kisimba aliketi kwenye gogo akitazama njia. Mimi katikati.

"Muulize," alisema Kisimba, "nyuki banatoka saa gani ya siku?"

"Mama, anauliza nyuki wanatoka saa gani."

"Muambie, wakati jua iko juu ya kichwa. Sega inalegea, inaanguka na batoto ndani. Siku ile ile banaenda."

"Nimesikia," alisema Kisimba.

"Hajasikia kitu," mama aliniambia. "Haujamuambia bado."

Nikamwambia. Kisimba alizunguka mizinga yote. Ni ya gome la mti, kama alivyofundisha baba, lakini magome yamekauka yakapasuka. Zamani pori lilikuwa na kivuli mchana kutwa, na mvua ilifika kabla Septemba haijaisha. Sasa kando kote wamekata makala na jua linaingia hadi chini. Kuna pia masanduku mawili yaliyofunikwa malata ya bati, watu fulani waliyaleta miaka ile wakapiga picha wakaenda. Ni matupu. Kisimba aliingiza mkono katika moja akautoa haraka.

"Hii ni tanuri ya mukate," alisema. Hilo hakuniomba nilipeleke.

14 Septemba.

Mzinga wa kwanza wa Kisimba! Ubao wa mninga, pembe zimefungana bila msumari, vanishi mara mbili. Tuliufunga nyuma ya kinga na mimi nikapanda moto, pikipiki ya mtu. Mama alikuwa bado mbali kwenye njia alipokunja pua.

"Muambie bwana yako, nyuki habalale mu sanduku ya bafu."

Sanduku la wafu: ni kweli Kisimba anatengeneza pia majeneza. Niliona masikio ya Kisimba yakisogea. Nikasema, "Mama anasema harufu ni kali kidogo."

"Sikusema vile," alisema mama.

Kurudi nyumbani Kisimba hakuongea hadi daraja. Hapo akaanza kucheka, kinga ikayumba. "Mu sanduku ya bafu!" Nilikuwa nadhani nimeolewa na mtu wa kununa. Sijui nilikuwa naangalia wapi.

18 Septemba.

Likoke, mwalimu mwenzangu wa darasa la nne, ni mke wa sajini wa base, kambi ya jeshi; kwao ni Équateur. Baada ya masomo anauza barafu. Kila wiki anapita karakana ya Kisimba kuomba mfuko wa vumbi la mbao: anafunika nalo barafu isiyeyuke. Leo Kisimba alimkazia macho akijaza mfuko.

"Inakaa siku ngapi?"

"Mu vumbi? Siku mbili, baba Gloire. Bila vumbi, saa mbili."

Kisimba alitupa penseli chini. "Kama inalinda barafu, italinda asali!"

Hakula. Alikata mbao nyembamba hadi giza likaingia.

21 Septemba.

Likoke alituazima kipimajoto cha ukutani. Saa nane mchana, porini, jua bila wingu. Sanduku la malata: arobaini na nne. Mzinga wa gome, mtupu: thelathini na nane. Mzinga mpya, wenye kuta mbili na vumbi la mbao katikati, juu paa la nyasi lililoinuliwa kidogo ili upepo upite: thelathini na moja.

Mama hasomi kipimajoto. Aliingiza mkono wake hadi kiwiko, akauacha humo muda mrefu, akafumba macho.

"Muulize huyu fundi," alisema, "vijiti vya juu, vya kushonea sega, amepima na nini?"

"Na mètre," alisema Kisimba. "Milimita thelathini na tano."

Nilirudia. Mama akatikisa kichwa. "Ni kubwa. Nyuki batashona sega pande zote, hautaweza kutoa moja bila kuvunja ingine. Upana ni sawa kidole gumba yangu, toka ncha mpaka kiungo. Nyuki ya hapa inajua ile."

Basi Kisimba akahitaji kupima kidole gumba cha mama mkwe wake. Huwezi kuomba jambo la aibu kuliko hilo. Tukasimama wote watatu kama miti. Mwishowe nilichukua kipande cha sabuni, nikampelekea mama, akakandamiza gumba lake hadi kiungo, nikarudisha sabuni kwa mume wangu, hatua tano. Akapima.

"Thelathini na mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Muambie mama, ni thelathini na mbili kamili."

"Minajua," alisema mama, kabla sijafungua kinywa. Kisha akaziba mdomo na kitenge.

24 Septemba.

Hakuna mvua.

28 Septemba.

Mizinga miwili mipya imekaa. Mama ameipaka nta ya zamani ndani, amechoma majani yake anayoyajua mwenyewe. Amemtuma Kisimba (kupitia kwangu) atoboe tundu dogo juu, chini ya paa, jasho la nyuki litoke. Kisimba hakutaka: tundu litaingiza joto. Nilitembea kati yao mara tisa, nilihesabu. Alitoboa.

2 Oktoba.

Hakuna mvua. Miombo imetoa majani mekundu na maua bila tone la maji. Watoto wanasinzia darasani. Nimewatoa nje, nikawafundishia kwenye kivuli cha ukuta.

5 Oktoba.

Mizinga minne mipya sasa, yote mitupu. Nyuki wapelelezi wanaingia, wanazunguka, wanatoka. Masengo amepiga simu. Amesema kwa upole, "Dada, usimchokeshe mama na mbao. Ana miaka sitini na nane." Nilikata simu. Nilimkasirikia siku nzima, na jioni nikaogopa kwamba ana haki.

8 Oktoba.

Kundi moja limehama. Yamebaki makundi sita. Thelathini na sita kivulini. Hakuna mvua.

12 Oktoba.

Naandika na jicho moja. La pili limefungwa kwa uvimbe, na midomo yangu ni kama maandazi.

Tulifika saa nne. Mbele ya kila mzinga wa gome nyuki walining'inia nje kama ndevu. Mama alikuwa anamwaga maji kwenye magogo na kando ya njia yao tangu asubuhi, na mgongo wake ulikuwa umepinda. Saa nane tulisikia ndani ya mzinga wa karibu na kijito sauti ndogo, *pu*, kama mtu ameangusha ndizi. Asali ikaanza kutoka kwenye ufa. Siafu wakaiona kabla yetu. Kisha *pu* katika mzinga wa pili. Nyuki wakaanza kulia kwa sauti nyingine. Hata mimi nisiyejua niliielewa.

"Banaenda," alisema mama. Kisha akasimama wima. "Ndaya, muambie bwana yako alete muzinga yake hapa."

"Baba Gloire, lete mzinga."

"Muulize, mulango uangalie wapi?"

"Mama, mlango uangalie wapi?"

"Kijito! Muambie kijito! Na afungue juu!"

Nilikuwa natupa maneno kulia na kushoto huku nimeshika mwenge wa moshi. Mama alipasua gome kwa kisu. Ndani, masega yaliyobaki yalikuwa laini kama bukari, ugali wa moto. Kazi ilikuwa kukata kila sega lenye watoto, kulishika chini ya kijiti, na kulifunga kwa kamba kabla halijaanguka. Inataka mikono minne inayosikilizana. Tulikuwa na mikono minne inayonisikiliza mimi.

Ndipo nyuki mmoja akaingia chini ya kitambaa changu cha kichwa. Halafu wawili. Halafu sikuhesabu. Nilitupa moshi, nikakimbia, nikajitumbukiza kijitoni, nikakaa na maji hadi kidevuni. Nililia. Kisha nikasikia kutoka kule juu:

"Kisimba!"

Nilifikiri mtu amekufa. Tangu niolewe sikuwahi kusikia jina hilo kinywani mwa mama.

"Kisimba! Shika hapa! Hapana hapo, hapa! Weye fundi gani?"

Na sauti ya mume wangu, kubwa kuliko ninavyoijua: "Kata kamba, mama! Kata!"

"Minakata! Toa kidole!"

"Ingine inaanguka!"

"Acha ile, ni asali tu! Batoto kwanza! Chukua ile ya batoto!"

"Malkia iko wapi?"

"Unaniuliza minyi? Weye njo uko na macho ya kijana!"

"Minamuona! Mama, minamuona, iko ku mukono yangu!"

"Basi usitikisike, mwanangu. Usitikisike."

Nilikaa majini, jicho likivimba, nikicheka kwa midomo ambayo haikuweza tena kucheka.

Niliporudi, makundi mawili yalikuwa ndani ya mizinga ya kuta mbili na nyuki wa nje walikuwa wanaingia kwa mstari, wakitembea kwa miguu kama watu wanaoingia kanisani. Mama na Kisimba walikuwa wamekaa mbalimbali, wamegeuziana migongo, wamejaa asali na siafu. Hawakujipangusa.

"Ndaya," alisema mama, "muambie bwana yako…" Akachomeka kisu ardhini. "Hapana. Usimuambie kitu."

Kisimba alichukua kinga yake, akaisukuma hadi barabarani bila kupanda.

13 Oktoba, yenga.

Kisimba hakuenda misa. "Nilimuambia mama kata, kata, sawa vile anaambiwa mutoto. Nilimugusa mukono, mama Gloire. Mara mbili."

Mama amenitumia neno kwa mwenye moto: yeye haji tena mjini, kwa sababu amemwita mkwe wake kwa jina katikati ya pori kama anayeita mbwa.

15 Oktoba.

Nilimsimulia Likoke wakati wa mapumziko. Alicheka hadi chaki ikamwanguka. Huniita yaya, dada mkubwa. "Kwetu, yaya, mama mukwe anakufokea asubuhi na mangaribi, munakula sahani moja!" Kisha akauliza, "Na nyuki?"

Tangu Jumamosi hakuna aliyeuliza habari za nyuki.

17 Oktoba.

Mawingu. Yameenda upande wa Luena bila kutuona.

19 Oktoba.

Kwetu aliyevunja heshima ya ukwe huleta kuku, na mwingine akimpokea kuku, neno limesamehewa. Asubuhi Kisimba alinifungia kapuni kuku mwekundu, mnono kuliko wote wetu. "Kosa iko yangu. Mupelekee."

Nilifika kijijini na kapu mkononi. Mama alikuwa amesimama uani na kuku mweupe, amemfunga miguu.

"Vizuri umekuja. Mupelekee bwana yako. Kosa iko yangu."

Nilimwonyesha kapu langu. Mama akakasirika kabisa. "Yeye alikosa nini? Minyi njo niliita jina!"

"Anasema alikugusa mkono."

"Kama hangenigusa ningejikata kidole! Murudishe ule kuku."

"Nirudi kilomita kumi na nne na kuku wawili?"

Tulitazamana. Na mama yangu, ambaye watu wanamwogopa kijiji kizima, alianza kutetemeka mabega, kisha akaketi chini na kucheka hadi machozi, kuku mweupe akipiga mabawa mapajani. Sijui kama baba aliwahi kumwona hivyo. Natumaini alimwona.

Tulikwenda pamoja kuangalia mizinga. Mmoja ulikuwa mtupu. Wametuacha, pengine malkia aliumia. Lakini wa pili! Mlangoni nyuki walipanga mstari wakipuliza hewa kwa mabawa, wengine wakiingia na chavua ya njano miguuni. Saa nane mchana, jua kali, na hakuna hata mmoja aliyening'inia nje.

"Banakaa," alisema mama. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa mbao. "Muambie… Hapana. Mulete hapa, nimuambie minyi."

20 Oktoba, yenga.

Kisimba amekuja, amevaa shati la misa. Alisimama mbali, akitazama vidole vyake vya miguu. Mama alitazama kichuguu cha mchwa.

"Mwanangu," alisema, "karibu."

"Wafwako, mama."

Basi. Karibu na asante, hayo tu. Kisha wote wawili wakahema kama wamepanda kilima. Kula pamoja, bado. Kuku wote wawili wamebaki kwa mama, na tayari wanapigana.

23 Oktoba.

MVUA. Saa tisa, katikati ya hesabu za sehemu. Ilipiga malata ya darasa hadi sauti yangu haikusikika. Watoto hamsini na wanane nje, mikono juu, na mimi nyuma yao na viatu mkononi. Mkuu wa shule alitoka kutufokea, akabaki mvuani pamoja nasi.

2 Novemba.

Mvua imeonyesha kosa letu: vumbi la mbao katika mzinga mmoja limelowa, limevimba, limenuka. Kisimba alitaka kupaka vanishi. Mama alisema, "Unarudi ku sanduku ya bafu?" Alimwambia mwenyewe, moja kwa moja! Amefundisha wachanganye nyasi kavu na majivu, na paa lishuke zaidi kando. Walibishana saa nzima. Nilijaribu kusaidia, nikasikia sauti mbili pamoja: "Ngoja, Ndaya."

9 Novemba.

Masengo amefika kutoka Kabongo na magunia matupu ya makala mgongoni mwa moto. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Lakini hakusema la magunia. Alimkuta mama amesimama juu ya kiti akimwonyesha Kisimba jinsi ya kukata nyasi za paa, akimfokea, na Kisimba akisema ndiyo mama, hapana mama, ile haiwezekane mama. Kaka yangu aliketi kwenye gogo muda mrefu.

"Kabongo minamutayarishia chumba," aliniambia. "Nilipaka rangi. Niliwaza anabaki hapa sababu hana mahali."

Macho yake yalikuwa na maji. Miaka yote hii nimemwita moyoni mtu wa makala. Kumbe alikuwa mtoto anayeogopa kwamba mama yake yuko peke yake.

10 Novemba, yenga.

Kundi limeingia! Lenyewe, bila kuitwa, wakati tunatoka misa ya kijijini: wingu la nyuki lilipita juu ya vichwa, watu wakalala chini na nguo zao nzuri, padri pamoja nao. Mama alikimbia nyuma ya nyuki akipiga sufuria. Wamechagua mzinga wa tatu. Masengo alikimbia pia. Ameumwa sikio.

11 Novemba.

Masengo amerudi. Magunia yake amejaza nyasi kavu, akatuachia.

23 Novemba.

Kundi jingine limeingia; moja la gome limeenda, na moja mama na Kisimba wamelihamishia mzinga wa kuta mbili. Likoke ameahidi asali kwa wake wa wanajeshi kambi nzima, na asali bado iko kwenye maua.

30 Novemba.

Mtihani. Wino umeisha. Mvua vizuri.

14 Desemba.

Leo tumevuna.

Mizinga yenye nyuki ni sita: minne ya kuta mbili, na miwili ya gome yenye vichwa vigumu ambayo imevumilia. Sio ishirini na mitatu. Mama amesema tusirudi kuhesabu ya zamani, na kwamba hatakata gome la mti tena.

Tulianza na mzinga wa Oktoba 12. Kisimba aliondoa paa, mama akapuliza moshi. Kijiti cha kwanza kilitoka kimenyooka, sega moja, jeupe, zito, halijashonwa na jirani yake. Kisimba alilinyanyua kwenye mwanga, akaligeuza pande zote mbili. Mama alisema, "Kidole yangu," akalivunja pembeni.

Kwetu kipande cha kwanza anapewa mwenye mizinga. Alikishika mkononi, asali ikimshuka hadi kiwikoni. Kisha akageuka akamtazama mume wangu usoni. Usoni, kwa macho mawili.

"Kula," alisema.

Kisimba alinitazama. Miaka kumi na minne mdomo wake ulikuwa mimi. Nilitazama kwingine.

Alichukua, akafumba macho, akala mbele ya mama mkwe wake. Nta ilimganda kwenye sharubu, asali ikamshuka kidevuni, na nyuki mmoja mvivu akatua puani mwake. Hakuthubutu kuusogeza mkono.

"Iko namna gani?" aliuliza mama.

"Mama," alisema Kisimba na kinywa kimejaa, "minaomba ingine."

Mama alimkatia kipande kikubwa kuliko cha kwanza. Kisha alikata cha tatu, akala naye, wamesimama bega kwa bega wakibishana kama mzinga wa saba uwekwe huku au kule, na mimi, ambaye hakuna aliyenituma popote, nilijikalia kwenye gogo na kuomba kipande changu mara mbili kabla hawajanisikia.